Inchi nne: shajara ya kujenga 707 na KC-135

11 Januari

Mpwa wangu alisimama mbele ya kabati la modeli, akaelekeza kidole kwenye ndege ya kijivu yenye injini nne, akauliza: "Mjomba, hii ni ya abiria au ya jeshi?"

"Ya jeshi," nikamjibu. "Ni KC-135. Inazijaza ndege nyingine mafuta zikiwa angani. Ila ukiivua hiyo rangi ya kijivu, ni ile ile 707 ya abiria ya Boeing."

Aliridhika, akaenda kucheza. Mimi ndiye niliyebaki na jibu langu limenikaa kooni. Maneno hayo nimeyasema miaka mingi, na wapenzi wengi wa ndege huyasema, lakini si kweli. KC-135 si 707 iliyovalishwa sare. Hizo ni ndege mbili zilizozaliwa na mama mmoja, na zikaachana mapema kuliko watu wanavyodhani. Usiku nikachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene na upana, nikapima upana wa kiwiliwili cha modeli yangu: milimita 26.1. Kwa skeli ya 1:144, yaani modeli iliyo ndogo mara 144 kuliko ndege halisi, hizo ni inchi 148. Huo ni upana wa 707. KC-135 halisi ina inchi 144.

Maana yake modeli ninayoipenda kuliko zote kabatini ni 707 iliyozibwa madirisha. Kiwanda kilichoitoa kilitumia kiwiliwili kimoja kwa masanduku mawili tofauti, kikabadilisha picha ya kifuniko.

Basi mradi wa mwaka huu ndio huu: kujenga mama na watoto wake wawili, kila mmoja na upana wake wa kweli, na kuwapanga juu ya kibao kimoja ili jicho lione kile ambacho rangi inakificha.

14 Januari

Siku tatu sijagusa msumeno. Nimekuwa nikikusanya vipimo, kwa sababu kosa la kipimo likishaingia kwenye plastiki halitoki.

Mama wa ukoo huu ni 367-80, ambayo wapenzi wa ndege huiita Dash 80. Boeing iliijenga kwa fedha zake yenyewe, dola milioni 16, bila mteja hata mmoja aliyekwisha kutia sahihi. Namba yenyewe ilikuwa ya kuzuga. 367 ilikuwa namba ya C-97, ndege ya mizigo ya pangaboi iliyotokana na B-29, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na washindani waliosikia 367-80 walitakiwa waamini kwamba ni toleo jingine tu la ndege ile ya zamani. Iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Julai 1954.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na haja ya haraka. Ndege zake mpya za mabomu, B-47 kwa mfano, zilikuwa za jeti, lakini zilijazwa mafuta na KC-97 za pangaboi. Ndege ya jeti ilibidi ishuke chini na kupunguza mwendo hadi karibu ya kuanguka, ndipo inywe. Agosti 1954, majuma machache baada ya Dash 80 kuruka, jeshi likaagiza ndege 29 za kujaza mafuta. Lakini lilitaka kiwiliwili kipanuliwe, kutoka inchi 132 za mama hadi 144.

Julai 1955 jeshi likairuhusu Boeing kujenga ndege ya abiria sambamba na ile ya mafuta. Matumaini yalikuwa kutumia kiwiliwili kimoja kwa zote mbili, mitambo ile ile, gharama nusu. Hesabu hiyo ilivurugwa na kampuni shindani ya Douglas. DC-8 yao ilikuwa bado kwenye karatasi, lakini karatasi hiyo ilionyesha upana wa inchi 147, watu sita kwa mstari mmoja bila kubanana mabega. Oktoba 13, 1955, shirika la ndege la Pan American likatangaza inanunua zote mbili: 707 ishirini, DC-8 ishirini na tano. Boeing ikaisoma hiyo tofauti ya tano vizuri. Ikapanua tena kiwiliwili hadi inchi 148, yaani inchi moja zaidi ya mshindani, na kukubali gharama ya mitambo mipya.

Napenda sana kisa hiki. Mafuta hayana mabega. Kwa mafuta, inchi 144 zinatosha kabisa. Inchi nne za mwisho zilitolewa kwa ajili ya kiwiko cha mtu anayekaa kiti cha katikati.

Skeli ya 1:144 nayo ina zawadi yake kwenye hesabu hizi. Inchi 144 za KC-135 zinageuka inchi moja kamili, milimita 25.4. Mama anakuwa 23.3, na 707 ni 26.1. Tofauti kati ya watoto wawili ni milimita 0.7, karibu unene wa kadi ya benki.

18 Januari

Nimeamua: 707 itakuwa toleo la 120, si 320. Sababu ni bawa. Kutoka ncha hadi ncha, 707-120 na KC-135 zina mita 39.88 zote mbili, yaani milimita 277 mezani kwangu. Toleo la 320 lina bawa kubwa zaidi, na lingemchanganya mtazamaji. Nataka mabawa yafanane ili viwiliwili vizungumze. Urefu utakuwa milimita 307 kwa 707 na 288 kwa KC-135.

Nina masanduku mawili ya zamani ya kiwanda kile kile, moja la 707 na moja la KC-135. Dash 80 sijapata modeli yake ya plastiki, kwa hiyo nitaichonga kwa mti wa balsa.

25 Januari

Kazi imeanza, na imeanza vizuri.

Kiwiliwili kinakuja kwa nusu mbili, kushoto na kulia, zinazoungana mgongoni na tumboni. Kumbe hapo ndipo penye suluhisho. Nikisugua nyuso za maungio, milimita 0.35 kila nusu, upana unapungua kwa 0.7 bila kimo kuguswa. Mgongo utabaki na ukingo mdogo, nao nitauviringisha kwa msasa laini baadaye.

Nimegundisha karatasi ya msasa juu ya kioo ili uso uwe bapa kabisa. Nimepaka maungio rangi ya kalamu nyeusi. Inapofutika sawasawa ndipo najua nimesugua sawasawa. Mizunguko ishirini, kisha kalipa. Mizunguko ishirini, kisha kalipa. Nusu ya kushoto imekamilika leo.

26 Januari

Nusu ya kulia imeharibika. Mkono ulikuwa unalemea upande wa mkia bila mimi kujua. Nilipoziunganisha kwa utepe nikapata 25.4 kifuani, pale bawa linapoingia, lakini kuelekea mkia nusu ile imeliwa robo milimita zaidi, na pezi la mkia, ambalo nusu yake imeungana na kila upande, limekuwa jembamba kama wembe.

Nimeiweka pembeni. Usiku huu sigusi kitu.

2 Februari

Nimeiponya kwa ukanda wa plastiki wa robo milimita, niliougundisha kwenye maungio kuanzia mlango wa nyuma hadi mkiani, kisha nikausugua uishie taratibu kuelekea mbele. Pezi nimelikata lote, nitatengeneza jingine. Hata hivyo lilipaswa kubadilishwa: KC-135 za mwanzo zilikuwa na pezi fupi, na baadaye zikapewa refu zaidi. 707 nayo ilipitia njia hiyo hiyo, baada ya wakaguzi wa Uingereza kukataa kuipitisha hadi iongezewe pezi kwa ajili ya usalama injini moja inapozimika. Leo ukiona 707 yenye pezi dogo la ziada chini ya mkia, unatazama alama ya mabishano hayo.

8 Februari

Rafiki yangu wa siku nyingi amekuja kuona kazi. Sisi wapenzi wa ndege tuna kambi mbili, na yeye ni wa kambi ya kivita mpaka ndani ya mifupa. Kwake ndege ni kitu kinachokupiga kifuani kabla hujakiona: moto wa nyuma ya injini, bawa linalotoa mvuke kwenye kona kali, kelele inayotikisa meno. Ndege ya abiria anaiita basi. Anaijua F-15 bolti kwa bolti, lakini hawezi kutofautisha A330 na 767.

Mimi nililelewa na kambi ya pili, ya watu wanaosimama kando ya uzio na darubini na daftari, wakiandika namba za usajili. Utotoni niliisikia ndege kabla ya kuiona, nikatoka nje mbio, na kwa muda mrefu nilidhani mistari minne ya moshi mweusi nyuma yake ni sehemu ya ndege yenyewe. Mapenzi yetu huanza hivyo. Tunapenda kujua kwamba kitu hiki hiki, namba hii hii, kilikuwa bara jingine jana usiku, na kwamba mamia ya watu wamelala ndani yake.

"Kwa nini unapoteza miezi kwa ajili ya tangi la mafuta?" akaniuliza.

Nikamwambia akae, nimweleze habari ya injini.

9 Februari

Naandika hapa nilichomweleza jana, kwa sababu ndicho kilichonifanya nichague toleo la R kwa KC-135 yangu, badala ya A ya mwanzo yenye injini nyembamba za J57.

Miaka ya mwanzo ya 1970 kampuni ya General Electric ilikuwa na injini ya F101, iliyobuniwa kwa ajili ya B-1, ndege ya mabomu inayokwenda kasi kuliko sauti. Kampuni ya Snecma ya Ufaransa ilitaka kujenga injini ya abiria ya ukubwa wa kati, na General Electric ikapendekeza kiini cha F101 kiwe moyo wake. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikakataa: siri ya kijeshi haiendi nje. Jambo likapanda hadi kwa marais. Nixon wa Marekani na Pompidou wa Ufaransa walipokutana Reykjavik mwaka 1973, injini ilikuwa miongoni mwa mazungumzo yao, na ruhusa ikapatikana kwa masharti. Mwaka 1974 ikaundwa CFM International, kampuni ya pamoja ya hao wawili, na injini ikaitwa CFM56.

Kisha ikakaa miaka bila mnunuzi. Waliokuja kwanza walikuwa wenye DC-8, ile ile iliyoilazimisha Boeing kupanua kiwiliwili, waliotaka kuzifufua ndege zao zenye kelele. Nyuma yao likaja Jeshi la Anga, likitaka kuipa KC-135 injini mpya. Halafu ndipo ikaja 737-300, ndege ya abiria ya Boeing, na baada ya hapo CFM56 ikawa miongoni mwa injini zilizojengwa kwa wingi kuliko zote katika ndege za abiria.

Kiini kile kile cha F101 kilizaa pia F110, injini inayosukuma ndege nyingi za kivita za F-16.

Rafiki yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Kwa hiyo nikipanda 737 ninakaa juu ya ndugu wa F-16." Ndiyo, ndugu yangu. Hicho ndicho ninachojaribu kukuonyesha tangu tujuane.

Nikamwongezea cha pili. Kabla ya toleo la R lilikuwepo la E, ambalo jeshi liliwapa vikosi vya akiba. Injini zake zilinunuliwa zikiwa zimetumika, zikavuliwa kutoka kwenye 707 za abiria zilizostaafu. Yaani mtoto wa abiria alipokufa, moyo wake ulitiwa kwa ndugu yake wa jeshi.

16 Februari

Nyumba za injini. Nilitaka kuchukua za modeli ya 737-300, nikakumbuka kwa wakati kwamba hazifai. 737 iko karibu sana na ardhi, kwa hiyo nyumba za injini zake zimebanwa upande wa chini, mdomo hauna duara kamili. Za KC-135R ni duara. Feni ya CFM56-2 ina kipenyo cha inchi 68.3, yaani milimita 12 hapa mezani. Nimekata bomba la plastiki vipande vinne, nikavipasha moto kidogo ili mdomo ujikunje ndani. Viwili vimetoka vizuri. Viwili nitarudia.

23 Februari

Nimevirudia. Vyote vinne sasa.

1 Machi

Leo amenitembelea mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege, ambaye mikono yake imefungua injini nyingi kuliko modeli nilizowahi kujenga. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akakichukua kiwiliwili cha KC-135 na kukigeuza polepole chini ya taa. Nilisubiri kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe.

"Kijana, madirisha umeyaziba vizuri. Mlango wa mizigo uko wapi?"

Nilikuwa nimeusahau. KC-135 ina mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele. Upo kwa sababu karibu mafuta yote yamekaa ndani ya mabawa na chini ya sakafu. Juu ya sakafu pako wazi, panaweza kubeba shehena au watu. Nilikuwa nimejenga ndege kana kwamba ni pipa, imejaa mafuta hadi darini. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyoifikiria.

Akaendelea mkiani. Akanionyesha kwamba chumba cha mwendeshaji wa bomba la mafuta, kile kijibanda chini ya mkia, nimekiweka mbele mno. Mtu huyo hulala kifudifudi, kidevu kwenye mto, akitazama nyuma kupitia dirisha, na ndege inayokunywa iko mita chache mbele ya uso wake. Bomba lenyewe analiongoza kwa vijibawa viwili vilivyosimama kwa umbo la V. "Analirusha lile bomba," mzee alisema. "Ni ndege ndogo ndani ya ndege kubwa."

Nimechora mlango kwa penseli. Kijibanda nitakihamisha milimita nne.

9 Machi

Dash 80. Mti wa balsa ni rahisi kuchongwa na ni rahisi kuharibika. Ukucha tu unaacha shimo. Nimechonga vipimo vya duara kwenye kadi ngumu, nikawa navipitisha mwilini kuanzia pua hadi mkia. Milimita 23.3. Ukimweka kando ya 707, mama anaonekana mwembamba kweli. Hapa hata asiyejua ndege ataona.

Rangi yake itakuwa ile ile ya asili, njano na kahawia. Katika rangi hizo ndipo Tex Johnston, rubani wa majaribio, alipoizungusha kwa mgongo juu ya Ziwa Washington, Agosti 1955, mbele ya umati uliokuja kutazama mashindano ya boti. Ndege ya injini nne, kubwa kiasi kile, ikajipindua taratibu mabawa juu chini na kurudi sawa, mara mbili. Aliitwa na mkuu wa kampuni ajieleze. Nimeitazama filamu ya tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kinachonigusa kila mara ni utulivu wake. Haina pupa ya ndege ya kivita. Inageuka kama mtu anayejigeuza usingizini.

Mama mwenyewe bado yupo, ndani ya jumba la makumbusho la Steven F. Udvar-Hazy la Smithsonian, jimbo la Virginia, Marekani. Ni ndege halisi, moja tu duniani.

15 Machi

Mabawa. Mpindo wa digrii 35 kwenda nyuma, kwa zote tatu. Pembe hiyo ndiyo ya B-47, na injini zinazoning'inia chini ya bawa kwenye vishikio ndizo za B-47 pia. Mwezi Mei 1945, George Schairer wa Boeing alikuwa Ujerumani na kundi la wataalamu wa Marekani. Akasoma matokeo ya majaribio ya mabawa yaliyopinda kwenda nyuma, akaandika barua kwa wenzake waache kuchora mabawa yaliyonyooka. B-47 ikaruka Desemba 17, 1947. Miaka kumi baadaye, Desemba 20, 1957, ikaruka 707.

Mwambie mtoto yeyote leo achore ndege ya abiria: mabawa yamepinda nyuma, injini zinaning'inia chini. Umbo hilo lilichorwa kwanza kwa ajili ya mabomu. Sijui kuliandika bila moyo kuwa mzito kidogo, na bila kulipenda.

22 Machi

Praima, rangi ya msingi, imepulizwa kwa zote tatu. Kijivu kimoja. Nilizima taa ya dari, nikawasha ya mezani peke yake, nikakaa kuzitazama. Bila rangi za mashirika na bila nembo za jeshi, jicho linakosa cha kushika isipokuwa umbo, na umbo linasema ukweli wote: huyu mwembamba, huyu wa kati, huyu mnene. Milimita 0.7 inaonekana. Niliogopa kwamba haitaonekana, lakini inaonekana, hasa nyuma ya chumba cha marubani, pale mabega yanapoanza.

30 Machi

Mpwa wangu amekuja kwa siku mbili. Nimemfundisha kutumia kalipa, naye amepima kila kitu ndani ya nyumba: vijiko, penseli, kidole gumba changu. Baadaye nikamsikia kimya kwenye kabati. Kimya cha mtoto huyo huwa na jambo.

"Mjomba, hii nayo ni 707?"

Alikuwa ameshika modeli yangu ya 737-800. Kalipa ilisomeka 26.1.

Sikuwa nimempa jibu hilo. Amelipata mwenyewe. Nikamwambia ukweli: zile inchi 148 hazikuishia kwa 707. Zikaenda kwa 727, iliyoruka 1963. Zikaenda kwa 737 mwaka 1967, na kwa 757 mwaka 1982. Boeing ikabadilisha injini, mabawa, mikia, vyombo vya marubani, lakini upana ule ulioamuliwa ili kuishinda DC-8 kwa inchi moja ukabaki, na watu wanaopanda 737 leo wanakaa ndani yake.

"Na ya jeshi ipo?"

Ipo. P-8, ndege ya kuwinda nyambizi, ilijengwa kutokana na 737-800, ikaruka Aprili 2009. Miaka ya hamsini ndege ya jeshi na ya abiria ziliachana kwa inchi nne. Nusu karne baadaye jeshi likarudi kuchukua kiwiliwili cha abiria kama kilivyo, na upana wake wote.

31 Machi

Kibao kitakuwa na ndege nne. Mpwa wangu ndiye aliyeamua, na ana haki.

Kazi ya P-8 si ndogo. Madirisha mengi yazibwe. Ncha za mabawa hazisimami juu kama za 737-800 nyingi. Zimechongwa kwenda nyuma, na upana wa mabawa unafika mita 37.64, milimita 261 kwetu. Tumboni kuna chumba cha silaha, na mahali kilipo panastahili kutazamwa. Kiko nyuma ya bawa. Katika ndege iliyozaliwa ya mabomu, mabomu hukaa katikati, pale uzito unaposawazika. Katika 737 pale katikati pameshikwa na mhimili wa bawa unaopita chini ya miguu ya abiria. Jeshi limechukua nyumba ya watu na ikabidi liishi kwa kufuata kuta zake.

13 Aprili

Rangi. Dash 80 njano na kahawia, KC-135R kijivu, P-8 kijivu chepesi zaidi. 707 nimeipa nyeupe na buluu, kwa kuwa 707 ya Pan American ndiyo iliyoanza safari ya New York hadi Paris tarehe 26 Oktoba 1958. Stika za maji zilinipa taabu kwenye KC-135. Moja imepasuka karibu na mlango wa mizigo. Nimeichora kwa mkono.

Antena ndefu inayochomoza mbele juu ya pezi la 707 nimeitengeneza kwa sindano. Nikiwa mtoto ndiyo iliyonisaidia kuitambua 707 kutoka mbali.

20 Aprili

Ziko kwenye kibao. Chini ya kila ndege nimeandika namba tu: 132, 144, 148, 148. Majina sikuandika. Rafiki yangu wa kambi ya kivita alikuja, akainama, akazisoma zile namba kimya kimya, kisha akaomba kalipa.

Mzee fundi ameukubali mlango.

Ile modeli ya zamani nimeirudisha kabatini na kijikaratasi chenye 148. Siitupi. Ndiyo iliyoanzisha haya yote.

27 Aprili

Nimeagiza plastiki kwa ajili ya jozi inayofuata: Tu-95 na Tu-114, ndege ya mabomu na ya abiria kutoka meza moja ya Tupolev, ofisi ya usanifu wa ndege ya Kisovieti. Hapa tofauti si ya inchi. Kwenye Tu-95 bawa limepita katikati ya kiwiliwili, likaacha nafasi chini yake kwa mabomu. Kwenye Tu-114 limeshushwa hadi tumboni, ili abiria wapate sakafu isiyokatika. Kinachobaki sawa ni mpindo wa bawa na injini nne za NK-12, ambazo ziliipeleka Tu-114, ndege ya pangaboi, hadi kilomita 877 kwa saa katika rekodi ya mwaka 1960.

Naanza na pangaboi. Kila injini ina mbili, zinazozunguka kinyume, kila moja na mapanga manne. Nane kwa kila ndege, milimita 39 kutoka ncha hadi ncha. Mpwa wangu amesema atazipima zote.